Kwa Mpiga Chapa: Vyeti vinapovuka maji

Mwezi huu barua nyingi zilizonifikia zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nimepata shule, kazi au mchumba nje ya nchi, wanataka vyeti "vilivyohalalishwa", nianzie wapi? Nimechagua nne. Wageni wa ukurasa huu wajue tu kwamba nilipiga chapa mahakamani hapa Mwanza miaka 27, tangu enzi za mashine ya kugonga na karatasi ya kaboni, na sasa nina steshenari ya meza mbili mjini. Si wakili mimi. Ninachokijua nimekipata kwa kuona karatasi za watu zikiondoka, na kwa kuona zipi zinarudi.

*Shikamoo Mama. Mimi ni nesi, nina diploma, naishi Igoma. Nimepata kazi hospitali moja Falme za Kiarabu. Wanataka vyeti vithibitishwe hadi ubalozini. Kuna kijana mtandaoni anasema atanipatia "apostille" ndani ya siku tatu, nitangulize nusu ya hela kwenye simu yake. Halafu majina: cheti cha kuzaliwa na pasipoti ni Ng'washi, cha kidato cha nne ni Ngwashi bila alama, leseni ya uuguzi ni Mwashi. Wakili amesema kiapo kimoja kinamaliza yote. Ni kweli? – N., Igoma*

Marahaba mwanangu. Hela usitume.

Apostille ni kitu cha kweli, ila si chetu. Ni cheti kidogo cha mraba, upande wake usiopungua sentimita 9, chenye vipengele kumi vyenye namba na kichwa cha Kifaransa. Kilizaliwa na mkataba wa The Hague, Uholanzi, wa tarehe 5 Oktoba 1961. Nchi zilizoingia zilikubaliana zisizungushane: mamlaka moja ya nchi ilikotoka karatasi inabandika huo mraba, na nchi inakokwenda inaupokea bila kuuliza ubalozi. Sharti ni kwamba zote mbili ziwemo. Burundi, Rwanda na Malawi wamo. Tanzania, hadi naandika haya, haimo. Falme za Kiarabu nazo hazimo. Sasa huyo kijana wako atakubandikia mraba wa nchi gani? Na ukitaka kumpima mtu wa namna hiyo, mwombe kontro namba. Ada ya serikali siku hizi inalipwa kwa kontro namba. Anayekupa namba yake ya simu anakusanya mchango wake mwenyewe.

Njia yetu ni ya ngazi, na ukiielewa barua ya mtaa umeshaielewa yote. Mwenyekiti wa mtaa anaandika kwamba wewe ni mkazi wake. Mtendaji wa kata anagonga muhuri juu yake. Mtendaji hakujui hata kidogo, lakini sahihi ya mwenyekiti anaijua, basi. Vyeti ni hivyohivyo. Wizara ya Mambo ya Nje haisemi kwamba wewe ni nesi mzuri, wala haijui kama ulifaulu Biolojia. Inaangalia sahihi na muhuri wa aliyeitangulia, inalinganisha na mfano ilio nao, inagonga. Ubalozi unaangalia sahihi ya Wizara, unagonga. Ukifika huko, Wizara ya Mambo ya Nje ya kwao inaangalia sahihi ya ubalozi wao, nayo inagonga. Kila muhuri unaushuhudia ule ulioutangulia tu.

Ndiyo maana huwezi kuruka ngazi, na ndiyo maana shughuli yote iko chini, kwa mlezi wa cheti. Cheti cha kidato cha nne mlezi wake ni Baraza la Mitihani, NECTA. Diploma yako ni ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Ungekuwa na digrii ningekutajia TCU, tume ya vyuo vikuu. Cha kuzaliwa ni RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na ndoa. Hao ndio wa kukihakiki kwanza. Karatasi iliyotengenezwa na wakili, kama kiapo au nakala aliyoithibitisha yeye, mara nyingi hutakiwa ipite kwa Msajili wa Mahakama Kuu, kwa sababu Wizara haiwezi kuzijua sahihi za mawakili wote wa nchi hii. Hapa Mwanza tuna Mahakama Kuu yetu, hilo halikutoi mjini.

Halafu kuna jambo ambalo manesi wengi hulichanganya na mihuri. Mamlaka za afya za huko zinatumia kampuni ya uhakiki, DataFlow, inayouliza chanzo moja kwa moja: chuo ulikosoma, Baraza la Uuguzi na Ukunga, mwajiri wako wa zamani. Hiyo haihusiani na Wizara wala ubalozi. Unaweza kuwa na mihuri yote na bado ukakwama kwa sababu chuo hakijibu barua pepe. Nenda chuoni kabla ya kuomba, ujue nani anazijibu, umwachie namba yako.

Sasa majina. Mimi ni Msukuma, kwa hiyo hapa naomba nikae kidogo.

Hii alama ya juu, ritifaa, imewatesa watoto wetu kuliko malaria. Mama alitamka Ng'washi, karani wa zahanati akaandika kwenye tangazo la kizazi alivyosikia, mwalimu wa darasa la kwanza akaona alama akadhani ni uchafu wa wino. Baadaye mtu wa kompyuta akabonyeza, mfumo ukaikataa, akaiacha. Lakini angalia pasipoti yako, ukurasa wa picha, ile mistari miwili ya chini yenye mishale mishale. Hapo ritifaa haipo, na haikusahauliwa: kanuni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga inasema iondolewe kwenye mistari ile, herufi ziungane. Kwa hiyo Ng'washi na NGWASHI, kwa mashine ya uwanja wa ndege, ni mtu mmoja. Kwa tofauti hiyo kiapo kinatosha, na mara nyingine hata hakiulizwi.

Mwashi ni habari nyingine. Huyo ni mtu mwingine, ingawa wewe na mimi tunajua ndivyo Mswahili wa pwani anavyotuita. Kiapo ni maneno yako mwenyewe. Unasema "mimi ndiye", na anayesoma yuko maili elfu mbili kutoka Igoma. Badala ya kuviapia vyeti vitatu, jiulize kipi kinasogezeka. NECTA hawatakubadilishia jina kwenye cheti cha mtihani ulioshafanya. Cha kuzaliwa na pasipoti vinakubaliana, usiviguse. Kinachosogezeka ni leseni. Peleka vyeti vyako Baraza la Uuguzi, omba warekebishe herufi, kisha ndipo uanze ngazi. Kama jina lingekuwa limebadilika kabisa, kwa mfano la baba wa kambo, ningekwambia ufanye hati ya kubadili jina kupitia wakili, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kwako haijafika huko.

Na kiapo kikichapwa, kisome kwa sauti mbele ya mchapaji, kidole juu ya kila jina. Nasema hivi nikiwa na deni. Mwaka 2009 nilimchapia binti mmoja wa Magu kiapo. Cheti kimoja kilisema Kulwa, kingine Kurwa, unajua sisi na hizo herufi mbili. Foleni ilikuwa ya watu sita, umeme unakatika na kurudi. Aya ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya tatu vidole vyangu, ambavyo maisha yote vimeandika Kulwa na Doto pamoja, vikaandika Doto. Wakili akasaini bila kusoma, binti naye akasaini, muhuri ukagongwa, karatasi ikapanda ngazi zote bila mtu kushtuka, hadi ubalozini. Huko kuna mtu alisoma. Binti alikuwa ameapa mbele ya Kamishna wa Viapo kwamba yeye na pacha wake ni mtu mmoja. Alikosa muhula mzima. Nilimrudishia hela ya kuchapa, shilingi elfu mbili, na mpaka leo nikikutana na mama yake sokoni natangulia kusalimia.

*Mwangaluka dada yangu. Mimi nipo Nansio. Kijana wangu amepata chuo China. Nimesikia kwamba China sasa ni apostille tu, mambo ya ubalozi yamekwisha. Vyeti vyake vyote nilivipiga leminesheni tangu zamani kwa sababu sisi tunasafiri kwa maji. Navyo vinakwenda hivyohivyo? Na ni lazima niende mimi Dodoma? – Mzee wa Ukerewe*

Mwangaluka kaka. Ulichosikia ni kweli kwa nusu. China iliingia kwenye mkataba ule na ulianza kutumika kwao tarehe 7 Novemba 2023. Cheti cha Mchina anayekwenda Ujerumani kinabandikwa mraba, safari imekwisha. Cheti cha Mkerewe anayekwenda China hakina wa kukibandika, kwa sababu upande wetu hatumo. Kwa hiyo kijana anapita njia ileile niliyomweleza nesi wa Igoma: mlezi wa cheti, Wizara, kisha Ubalozi wa China Dar es Salaam.

Hilo la leminesheni ndilo linaloniumiza, maana ulifanya kwa nia njema. Tatizo ni mbili. Wino wa muhuri haushiki juu ya nailoni, utafutika kwa kidole. Na anayehakiki anataka kuishika karatasi yenyewe, aipapase alama ya kubonyea, aipige mwanga; wewe umeifunga kama samaki wa barafu. Atakuja mtu akwambie anabandua kwa pasi ya moto. Kaka, usikubali. Nimeshuhudia cheti kimoja kikibanduliwa hivyo juu ya meza ya jirani yangu wa steshenari. Nailoni ilitoka vizuri kabisa, na ilitoka na jina. Nusu ya maandishi ilibaki imeng'ang'ania kwenye plastiki kama magamba ya sato kwenye kisu, na karatasi ikabaki na sahihi ya mkubwa asiyejulikana amemtunuku nani.

Cheti cha kuzaliwa kisikusumbue. Omba kingine kutoka RITA kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya hapohapo Nansio. Kama cha kijana ni kile cha zamani na kina kosa la herufi, rekebisha katika safari hiyohiyo. Cha kidato cha nne na cha sita viache ndani ya nailoni zake, usivitoe. Vipeleke vihakikiwe NECTA vikiwa hivyo, na mihuri igongwe kwenye barua yao ya uhakiki au kwenye nakala iliyothibitishwa. Kabla ya hapo, kijana awaandikie chuo awaulize mambo matatu, na wajibu kwa maandishi: vyeti gani hasa, halisi au nakala, na visiwe vya zamani kuliko lini. Watu wanapoteza hela kugongesha mihuri hadi cheti cha darasa la saba ambacho hakuna aliyekiuliza. Upande mwingine, cheti cha polisi cha rekodi ya makosa ukikitafuta mapema sana kitaisha muda ukiwa bado una foleni ya ubalozi. Hicho kiwe cha mwisho kuombwa.

Safari: Wizara iko Mji wa Serikali, Mtumba, nje kidogo ya Dodoma mjini, balozi ziko Dar. Bahati yetu watu wa ziwa ni kwamba Dodoma iko njiani. Meli hadi Mwanza, basi kutoka Nyegezi hadi Dodoma, ushughulike, halafu treni ya umeme hadi Dar, ushuke na karatasi zako. Piga simu Wizarani kwanza uulize siku hizo mihuri inagongwa ofisi ipi na kama mwakilishi anapokewa. Akipokewa, mwandikie barua ya kumtuma, ambatisha nakala ya kitambulisho chako na chake, na umtume ndugu, siyo dalali wa stendi. Na asianze safari Alhamisi. Ataingia Dodoma Ijumaa amechoka, dirisha linafungwa, analipa gesti siku mbili kuangalia ukuta.

Kuhusu maji, mwaka mzima naona wavuvi wanaweka simu kwenye mfuko wa nailoni wa kubana, mfuko ndani ya ndoo ya mfuniko. Ndoo ya lita kumi inabeba vyeti vya ukoo mzima, na ikidondoka inaelea.

*Habari Mama. Nilifunga ndoa Ujerumani, nimerudi Mwanza na mume wangu. Cheti chetu cha ndoa kina apostille. Ofisi moja hapa wamekiangalia, wakaniuliza hiki kibandiko ni cha nini, wakanirudisha. Wamekosea? – Mama G., Pasiansi*

Nzuri mwanangu, na karibuni nyumbani. Walikujibu vibaya, lakini hawajakosea. Ujerumani imo kwenye mkataba, sisi hatumo, kwa hiyo mraba ule hapa ni pambo. Cheti chenu kinatakiwa kifuate ngazi kutokea kule: mamlaka ya Ujerumani, kisha Ubalozi wa Tanzania Berlin ukigonge. Kama mna ndugu wa mume aliyebaki kule, aifanye kazi hiyo yeye, msipande ndege kwa karatasi moja. Na mwambie asichukue cheti cha Kijerumani peke yake. Ofisi za ndoa za kule hutoa pia cheti cha kimataifa chenye lugha kadhaa, Kiingereza kikiwemo. Mkipata hicho mmeokoa hela ya tafsiri.

*Shikamoo Mama. Nauza dagaa Kirumba. Niliachana na mume wangu kwa hukumu ya Mahakama ya Mwanzo. Sasa nataka kuolewa, mchumba yuko Omani, na huko wanataka ushahidi kwamba niliachika kihalali. Hukumu yangu ni ya Kiswahili tupu na nakala niliyo nayo imepauka. – Mwanamke wa Mwaloni*

Marahaba, na heri ya ndoa. Hukumu kuwa ya Kiswahili si kasoro, Mahakama ya Mwanzo lugha yake ni Kiswahili. Hiyo nakala iliyopauka iache nyumbani. Rudi mahakama ileile na namba ya shauri, omba nakala mpya za hukumu na hati ya talaka, zigongwe muhuri wa mahakama kila ukurasa. Ukishazipata, zipeleke RITA talaka isajiliwe. Wengi hawajui kwamba talaka nayo husajiliwa kama ndoa, na cheti cha RITA kinaeleweka ubalozini haraka kuliko kurasa saba za nani alimpiga nani.

Tafsiri ifanywe na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, au mfasiri anayetambuliwa. Mpwa wako anayejua Kiingereza sana hatambuliki. Uliza ubalozi kama wanakubali Kiingereza au wanataka Kiarabu, maana ukikosea lugha unalipa mara mbili. Tafsiri itangulie, ibanwe pamoja na nakala ya Kiswahili, ndipo fungu lote lipande Wizarani likiwa kitu kimoja. Na likishagongwa mihuri, mama, ile pini ya kona usiitoe hata kwa dawa. Mtu anaitoa ili apige fotokopi vizuri, anarudisha pini mpya kwenye tundu zilezile, anadhani haijulikani. Inajulikana. Wanahesabu matundu. Fotokopi ipigwe kwa kukunja kona.

Halafu nina tangazo. Kuna msomaji ametuma kwangu, ndani ya bahasha ya kaki isiyo na namba ya simu wala anuani, cheti chake halisi cha kidato cha nne na swali ambalo halikuandikwa. Bahasha ilikuwa imelowa pembeni, cheti kimepona. Nimekiweka kwenye droo ya chini, ndani ya jalada gumu, na funguo ninayo mimi. Njoo na kitambulisho cha NIDA. Jina lako linaanza na Ng', na ritifaa ipo.